Kubadili gari la rimoti la nitro liwe la umeme: mota ipi, gia zipi, na betri nichaji vipi?

Kijana_wa_Mwanga (Kigoma)

Wakuu, habari za wakati huu. Ninaomba ushauri wa wale waliowahi kutoa injini ya nitro kwenye gari la rimoti na kuweka mota ya umeme isiyo na brashi.

Gari langu ni bagi (buggy, gari la kukimbia kwenye vumbi na matuta) ya kipimo cha 1/8, yaani moja ya nane ya gari halisi, inayovuta kwa magurudumu yote manne, na ilikuja na injini ya sentimita za ujazo 3.5. Chesisi yake ni ya alumini na haijapinda, difu zote tatu ni nzima, shokapu hazivuji, na servo (mota ndogo) ya usukani bado ina nguvu. Kilichokufa ni injini. Vumbi jekundu la huku, pamoja na mchanga laini wa ufukweni kule Kibirizi tulikokuwa tukicheza, limepenya filta ya hewa hadi pistoni imelegea ndani ya silinda. Zamani ukizungusha injini kwa mkono ulihisi pistoni ikibanwa inapofika juu, lakini sasa hupita bila upinzani wowote. Ikiwa ya baridi huwaka, ikipata moto huzima, na haiwaki tena hadi ipoe.

Ningeweza kuagiza pistoni na silinda mpya, ila mafuta ndiyo yaliyonichosha zaidi. Mchanganyiko ule wa methanoli, nitromethani na oili siupati hapa mjini, ndege haziupokei kwenye mizigo ya abiria kwa kuwa ni kimiminika kinachoshika moto upesi, na kumpata dereva wa basi atakayekubali kuupakia kutoka Dar es Salaam ni bahati nasibu. Ndiyo maana nimeamua kuhamia kwenye umeme.

Rafiki yangu ana mota ya 3650 na kidhibiti mwendo cha ampea 60 alivyovitoa kwenye gari la 1/10, na yuko tayari kuniachia. Je, vitafaa, au nitaviunguza bure? Je, kengele ya klachi (kikombe chenye meno kinachozungusha gia kubwa) ya injini ya zamani inaweza kufungwa kwenye mota ili uwiano wa gia usibadilike? Breki za diski zinazovutwa na servo nizitoe au nizibakize? Na kuhusu kuchaji, uwanja tunaoutumia sasa uko nje ya mji na hauna umeme, kwa hiyo nitategemea mfumo wa sola wenye paneli ya wati 100 na betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 50. Natanguliza shukrani.

Fundi_Difu (Tabora)

Karibu ndugu yangu, na pole kwa injini. Sisi wa Tabora tuko takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na jua la Oktoba unalijua; sindano ya kabureta iliyowekwa sawa asubuhi huwa haifai tena ikifika saa nane mchana. Mota ya umeme haina habari na mambo hayo, na kwangu mimi sababu hiyo peke yake ilitosha kuhama.

Nianze na mota ya rafiki yako, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupoteza fedha. Namba 3650 ina maana kwamba mota ina kipenyo cha milimita 36 na urefu wa milimita 50. Ukubwa huo ni wa gari la 1/10 lenye uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili, ilhali bagi ya 1/8 ina uzito wa kilo tatu na zaidi, ina difu tatu za kuzungusha, na matairi yake ni makubwa. Gari litakwenda, tena siku ya kwanza utafurahi, lakini mota itakuwa ikibeba mzigo usio wake muda wote, na joto litapanda hadi sumaku za ndani zianze kupoteza nguvu. Sumaku ya neodimiamu ya daraja la kawaida ina kikomo cha nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Zile za daraja la juu huvumilia zaidi, lakini nazo zina mwisho wake, na sumaku iliyodhoofika kwa joto hairudi kuwa kama ilivyokuwa kwa kupoa tu. Tafuta mota ya 4268 au 4274, yenye nguzo nne za sumaku na mhimili wa milimita 5, pamoja na kidhibiti mwendo cha ampea 150 kinachokubali betri ya seli nne. Hobbywing wanauza seti ya namna hiyo kwa jina la EzRun Max8, na Castle Creations wana Mamba Monster. Ukipata iliyotumika lakini haijafunguliwa hovyo, ichukue.

Kisha angalia thamani ya Kv, ambayo ni idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli nne huhesabiwa kuwa na volti 14.8, kwa hiyo mota ya Kv 2,000 huzunguka mara 29,600 kwa dakika, na injini ya nitro ya ukubwa wa hiyo yako hufika mizunguko elfu thelathini na zaidi. Maana yake ni kwamba ukichagua Kv inayokaribia 2,000 kwa seli nne, mota itafanya kazi karibu na mizunguko ambayo gari lilitengenezewa, nawe hutalazimika kugusa gia za difu wala gia kubwa ya katikati. Kinachobadilika ni namna nguvu inavyofika. Injini ilikuwa dhaifu chini, na klachi iliteleza hadi mizunguko ipande. Mota haisubiri, nguvu yake ya kuzungusha iko tayari tangu inapoanza kuondoka, na pigo lote huishia kwenye difu ya kati ambayo zamani ililindwa na ule utelezi wa klachi. Kama difu hiyo ina oili ya silikoni ya namba 5,000, jaribu ya 10,000 iliyo nzito zaidi, na kwenye mpangilio wa kidhibiti mwendo punguza ukali wa kuondoka.

Kengele ya klachi haitafungika. Inakaa juu ya beringi na kuzunguka huru kwenye mhimili wa injini, wala haina mahali pa kuikazia. Nunua pinioni (gia ndogo ya mota) ya chuma yenye tundu la milimita 5 na skrubu ya ubavuni, uikaze juu ya sehemu bapa ya mhimili wa mota na kupaka gundi ya kuzuia skrubu kulegea. Bagi za 1/8 kwa kawaida hutumia meno ya moduli 1 (moduli ni kipimo cha ukubwa wa jino), lakini pima usibahatishe: chukua idadi ya meno ya gia kubwa, ongeza mbili, na jibu likilingana na kipenyo cha nje kwa milimita, basi ni moduli 1. Gia ya meno 46 itasoma milimita 48. Ikisoma 38 na ushee, hiyo ni moduli 0.8, na pinioni yake ni nyingine.

Sasa kitako cha mota, ambacho ndicho kinachotenganisha gari linalodumu na gari linalokula gia. Ukishatoa injini, tangi, ekzosi na servo ya mafuta, utaona matundu manne yaliyoshika vitako vya injini, na mwanya ambamo gurudumu la injini lilikuwa likizunguka. Usitoboe tundu jipya kabla hujajaribu kutumia hayo ya zamani. Lifunge bamba la alumini la unene wa milimita 5 au 6 kwenye matundu hayo liwe msingi, kisha simamisha juu yake bamba la pili litakaloshika uso wa mota. Mafundi wa injini za boti huko kwenu hawakosi vipande vya alumini vya namna hiyo, na yeyote mwenye mashine ya kutoboa ya kusimama anaweza kuifanya kazi hii ukimpelekea mchoro wenye vipimo. Matundu ya msingi yawe marefu badala ya duara, ili mota iweze kusogezwa karibu au mbali na gia kubwa. Bila nafasi hiyo utafungwa na pinioni ya ukubwa mmoja tu. Mhimili wa mota uwe sambamba na mhimili wa difu ya kati ukitazama kutoka juu na pia ukitazama kutoka ubavuni. Kupima nafasi ya meno, weka kipande cha karatasi ya daftari kati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota hadi ibane, kaza skrubu, halafu zungusha gia karatasi itoke. Ikitoka imekunjamana lakini haijachanika, nafasi ni sahihi. Zungusha gia kubwa mzunguko mzima ukisikiliza kama kuna mahali inapokaza, maana nyingi si duara kamili, na nafasi hupimwa pale inapobana zaidi.

Mota ya 4274 inakaribia gramu 400. Ikishikwa usoni tu, gari linapotua kutoka kwenye kichuguu bamba hupinda kwa sehemu ndogo ya milimita, meno huachana kwa kufumba na kufumbua, na gia kubwa hunyolewa. Weka kishikizo cha pili upande wa nyuma wa mota, hata kama ni mkanda wa alumini wenye mpira ndani. Ule mwanya wa gurudumu la injini nao uuzibe kwa bamba jembamba na riveti, la sivyo kokoto zitaingia hadi kwenye pinioni.

Kabla hujakata alumini, chunguza kama kiwanda cha gari lako kiliwahi kutoa ndugu yake wa umeme. Kyosho walitoa Inferno MP9 ya nitro na MP9e ya umeme, Traxxas wana Revo na E-Revo, HPI wana Savage na Savage Flux. Pale matoleo mawili yanapokaribiana, kitako cha mota na trei ya betri vya kiwandani vinaweza kukupunguzia kazi nyingi.

Mzee_Volti (Ujiji)

Vijana, salaam. Fundi_Difu amesema vizuri juu ya mota na kitako, ila mimi natofautiana naye kuhusu seli nne. Gari linalohitaji wati 1,000 huchukua karibu ampea 68 kwa volti 14.8, lakini kwa betri ya seli sita, yenye volti 22.2, huchukua ampea 45 tu. Joto linalopotea kwenye nyaya na kwenye kidhibiti hukua kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo, nyaya zikiwa zile zile, joto hilo hushuka chini ya nusu. Chukua mota ya Kv 1,400 hivi kwa seli sita, utapata mizunguko 31,000 kwa dakika na gari litakalorudi likiwa na uvuguvugu tu. Kwa hali ya hewa ya ziwani hilo si jambo dogo.

Tukija kwenye sola yako, tufanye hesabu kwa seli nne kwanza. Betri ya seli nne yenye uwezo wa mAh (miliampea-saa) 5,000 ina nishati ya Wh (wati-saa) 74. Hutaitumia yote, kwa sababu lipo haipaswi kushuka chini ya volti 3.2 kwa seli ikiwa kazini, basi tuseme unatumia asilimia 80, ambayo ni Wh 59. Kuirudisha nishati hiyo, pamoja na hasara ya chaja, utaitoza betri ya sola karibu Wh 70. Betri yako kubwa ina Wh 600 kwa maandishi, lakini betri ya risasi na asidi ikishushwa kupita nusu mara kwa mara hufa mapema, kwa hiyo unazo Wh 300 za kutumia, sawa na kuchaji mara nne. Paneli ya wati 100, siku yenye jua kamili la saa tano, itarudisha kama Wh 350 baada ya hasara. Hesabu inakubali, kwa sharti kwamba betri hiyo haiwashi taa na televisheni ya nyumbani, vinginevyo mama mwenye nyumba atakuuliza maswali ambayo hesabu hii haiyajibu.

Kuna jambo la waya ambalo hupuuzwa. Kuchaji mAh 5,000 kwa kasi ya kawaida ni ampea 5, na kwa volti 16.8 za betri iliyojaa hiyo ni wati 84, ambazo kutoka kwenye betri ya volti 12 ni ampea 8 hadi 9. Vidhibiti vingi vidogo vya sola vina kikomo cha ampea 10 upande wa mzigo, na kukikaribia kikomo hicho kwa saa nzima kwenye joto la mchana ni kukiomba kife. Funga chaja moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, ukiweka fyuzi ya ampea 15 karibu na kichwa chanya.

Chaja iwe ile inayosawazisha seli, na ule waya mdogo wa kusawazisha uchomekwe kila mara. Mimi huchajia kwenye chungu cha udongo chenye mchanga mkavu chini, kilichowekwa juu ya saruji mbali na mapazia, bila kukifunika kwa kubana, kwa sababu lipo ikishika moto hutoa gesi nyingi na chombo kilichobanwa kinaweza kupasuka. Usiondoke ikiwa inachaji. Betri iliyovimba haichajiwi tena, hata kama bado inasoma volti nzuri. Kama hutacheza kwa wiki kadhaa, iache kwenye volti 3.8 kwa seli, maana lipo inayohifadhiwa ikiwa imejaa huchakaa haraka, na kwenye joto huchakaa haraka zaidi.

Fundi_Difu (Tabora)

Mzee Volti, shikamoo. Kuhusu joto sikupingi hata kidogo. Lakini nafasi je? Chesisi ya nitro haikutengenezewa betri. Upande wa tangi una shafti ya kati upande mmoja na ukingo wa chesisi upande wa pili, na betri ya seli sita ya mAh 5,000 hukaa pale kwa shida, kama haikulazimishi kukata. Inaongeza pia uzito upande huo huo, na chaja yake inatakiwa itoe wati 126 badala ya 84. Kwa gari la kuanzia nabaki kwenye seli nne. Angekuwa na gari la magurudumu makubwa, la kilo tano na zaidi, ningekuwa upande wako.

Kijana_wa_Mwanga (Kigoma)

Mzee Volti, shikamoo. Fundi_Difu, nashukuru sana. Mota ya 3650 nimemwambia rafiki yangu abaki nayo.

Nimelifungua gari na kupima. Gia kubwa ina meno 46 na kipenyo cha nje ni milimita 48, kwa hiyo ni moduli 1 kama ulivyosema. Kwenye difu za mbele na nyuma, gia ndogo ina meno 13 na gia kubwa ina 43. Tairi lina kipenyo cha milimita 112. Kengele ya klachi ilikuwa na meno 13. Kati ya shafti ya kati na ukingo wa chesisi upande wa tangi nina milimita 50 za upana, na urefu ni 150. Kwa vipimo hivyo ninunue pinioni ya meno mangapi, na gari litafika kasi gani?

Fundi_Difu (Tabora)

Vipimo vizuri. Betri nyingi za seli nne zenye ganda gumu zina urefu wa karibu milimita 140 na upana wa 46 hadi 49, kwa hiyo itaingia, lakini acha nafasi ya sifongo jembamba pande zote na hakikisha hakuna kichwa cha skrubu kinachoigusa kutoka chini. Ukikosa ya seli nne, betri mbili za seli mbili zilizounganishwa mfululizo hufanya kazi ile ile, mradi ziwe za aina moja, uwezo mmoja na umri mmoja.

Hesabu ya kasi ni hii. Ukiweka pinioni ya meno 14, 46 gawanya kwa 14 ni 3.29, na 43 gawanya kwa 13 ni 3.31, zidisha, mota inazunguka karibu mara 10.9 kila gurudumu linapozunguka mara moja. Mizunguko 29,600 ikigawanywa hivyo inabaki karibu 2,720 kwa dakika kwenye gurudumu. Tairi la milimita 112 hutembea sentimita 35 kwa mzunguko, kwa hiyo unapata takribani kilomita 57 kwa saa. Kwa pinioni ya meno 12 ni karibu 49, na kwa meno 15 ni karibu 62. Hizo ni kasi za karatasini, gari likiwa halina mzigo. Uwanjani, penye mchanga na upepo wa ziwa, toa kiasi.

Usikimbilie 15. Nunua ya 12, ya 13 na ya 14, kwa kuwa pinioni ni rahisi kuliko mota, na uanze na ndogo kabisa. Endesha dakika tano kwa namna unayoendesha siku zote, simamisha, na upime joto la mota kwa kipimajoto cha miale. Likiwa chini ya nyuzi 60, panda jino moja. Likivuka 80, shuka, hata kama kasi imekufurahisha. Kwenye mchanga mzito wa Kibirizi utatumia jino moja pungufu kuliko kwenye uwanja wa udongo mgumu, kwa sababu mchanga hulikamata gari na mota hufanya kazi kama inapanda mlima.

Dada_Servo (Kasulu)

Mzee Volti, shikamoo. Wakuu wengine, habari zenu. Swali la breki naona limepitwa, basi nilijibu mimi.

Zitoe, kaka. Kidhibiti mwendo hufunga breki kwa kutumia mota yenyewe kupitia difu ya kati, na nguvu yake huwekwa kwa asilimia. Anza na 40 hivi, kisha ongeza kadiri gari linavyokubali bila kugeuka mkia. Nawafahamu wanaobakiza diski ili wagawe breki kati ya mbele na nyuma kwa skrubu, na kwa mashindano hoja yao ina uzito. Kwa gari la kuchezea, hata hivyo, unabaki na servo ya pili, fimbo zake na waya wa kugawa chaneli, vyote vikila vumbi bila faida kubwa. Ukizitoa, hakikisha tu kwamba vikombe vya difu havibaki na mchezo wa mbele na nyuma ambao diski zilikuwa zikiuzuia. Weka washa (pete) nyembamba panapolegea.

Kabla ya kufunga chochote, osha chesisi kwa sabuni ya unga na maji ya moto, kisha ipanguse kwa spiriti. Mabaki ya oili ya nitro huganda kama lami nyembamba, na utepe wa kubandikia kidhibiti mwendo hautashika juu yake.

Kazi ya lehemu ndiyo inayowashinda wengi. Nyaya za betri ni nene, kwa kawaida milimita za mraba 3.3 au 5.3, na hunyonya joto. Chuma cha kulehemu cha wati 30 kinachotumika kwenye redio kitaacha risasi imekaa juu juu bila kuingia. Tumia cha wati 80 au 100 chenye ncha pana, tia risasi kwenye waya peke yake, tia kwenye kiunganishi peke yake, ndipo uviunganishe. Kwa ampea hizi chukua viunganishi vya XT90 au EC5. Cheche inayoruka unapochomeka betri husababishwa na kapasita za kidhibiti kujaa ghafla, na ipo aina ya XT90 yenye ukinzani mdogo ndani unaoizuia. Gharama yake ni ndogo kuliko kubadilisha viunganishi vilivyoungua. Rangi za chanya na hasi zitazame kwa makini kabla ya kuchomeka, kwa sababu kidhibiti kilichogeuziwa nyaya za betri hakitakupa nafasi ya pili. Nyaya tatu za mota ni tofauti: kama mota haina kihisi (cha kusoma mkao wa rota) na gari linarudi nyuma unapotaka liende mbele, badilishana nyaya mbili zozote kati ya hizo tatu, basi. Yenye kihisi hugeuzwa kwenye mpangilio wa kidhibiti, si kwenye nyaya. Kwa vumbi la mkoa wetu mimi ningechukua isiyo na kihisi. Itatetemeka kidogo inapoanza kuondoka polepole, lakini huna waya mwembamba wa kuharibika.

Risiva yako (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) ilikuwa na betri yake ndogo ya volti 6. Iondoe, kwa maana kidhibiti mwendo kina sehemu inayolisha risiva na servo, na vyanzo viwili visipigane kwenye waya mmoja. Mwisho kabisa, weka magurudumu juu ya tofali unapofundisha kidhibiti mwanzo na mwisho wa trigari ya rimoti, washa rimoti kwanza kabla ya gari, zima gari kwanza kabla ya rimoti, na uweke ulinzi wa risiva ili mawimbi yakikatika mota isimame. Gari la nitro lililopotea lilikuwa likipiga kelele, ukalisikia na kukwepa. Hili halina sauti ya kukuonya, na lina kilo tatu na nusu.

Kijana_wa_Mwanga (Kigoma)

Dada, ahsante sana. Nimeshapeleka mchoro wa kitako kwa fundi wa boti, na amesema alumini ya milimita 6 anayo. Imebaki betri. Binamu yangu anakuja kwa ndege kutoka Dar es Salaam na anaweza kuninunulia mbili za seli nne, mAh 5,000. Je, atazuiwa uwanja wa ndege?

Mzee_Volti (Ujiji)

Marahaba kijana, ya juzi sikuijibu. Kwa kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, betri ya lithiamu isiyozidi Wh 100 huruhusiwa, na zako ni Wh 74 kila moja. Hapo nakubali kwamba Fundi_Difu amenishinda, kwa sababu ya seli sita ingekuwa Wh 111, ambayo huhitaji kibali cha shirika la ndege mapema.

Azibebe kwenye mkoba wa mkononi na kamwe asiziweke kwenye begi linalopelekwa chini, kwa maana betri za akiba zimekatazwa huko. Vichwa vya viunganishi vifunikwe kwa utepe wa umeme, kila betri iwe kwenye mfuko wake, na ziwe kwenye chaji ya nusu hivi, siyo zimejaa. Lebo yenye volti na mAh isibanduliwe, kwa kuwa mkaguzi ataitafuta Wh, na isipoandikwa atazidisha 14.8 kwa 5. Hata hivyo binamu aulize kaunta ya shirika lake kabla ya siku ya safari, kwani shirika linaweza kuwa na masharti makali kuliko hayo. Na mwambie apime kila seli pale pale dukani kabla ya kulipa: zikitofautiana kwa zaidi ya volti 0.1 betri ikiwa mpya, achukue nyingine.